Mafuta na Maji: Historia ya Uchafuzi katika Nchi ya Wanuer na Wadinka

Mafuta ya Sudan Kusini yamesafirishwa nje kwa zaidi ya robo karne, na madhara yake makubwa kwa wenyeji yamepitia kwenye maji. Wanuer, Wadinka na Washilluk wa maeneo ya Unity, Ruweng na Upper Nile walifukuzwa kwanza na vita vilivyopiganwa kwa ajili ya visima vya mafuta. Waliporudi, wengi walikuta maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo yameharibika. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, kwa hiyo historia hii ni ya jirani wa karibu. Inahusu pia kila mahali ambapo mafuta au gesi hupita karibu na kisima cha watu, ukiwemo upande wa kusini wa Dar es Salaam, kuanzia Kurasini na Kigamboni hadi Mbagala na Mkuranga.

Nchi ya maji na ng'ombe

Mto Nile Mweupe unapoingia Sudan Kusini hutapakaa katika kinamasi kiitwacho Sudd, mojawapo ya vinamasi vikubwa kuliko vyote duniani. Mwaka 2006 eneo la kilomita za mraba zipatazo 57,000 liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu. Pembezoni mwa kinamasi hicho ardhi ni tambarare tupu, na udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa pana. Masika huvimba, ukaziba, na maji yakasimama juu yake kwa miezi.

Maisha ya wenyeji yalipangwa kwa kufuata maji hayo. Mvua zikianza, familia huhamia kwenye miinuko, hujenga nyumba za udongo na mazizi ya nyasi, na kulima mtama. Mafuriko yakipungua, vijana huteremsha ng'ombe hadi kwenye mbuga za kiangazi ziitwazo toic, ambako nyasi hubaki mbichi na samaki hunaswa kwenye madimbwi. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye fidia ya damu na ndiye akiba. Kijana wa Kinuer hupewa jina linalotokana na rangi ya dume lake. Ardhi ni ya ukoo, na mipaka yake hujulikana kwa vijito, miti na makaburi. Hapakuwa na hati wala ramani ya kuonyesha kwamba eneo fulani lina mwenyewe, na pengo hilo liliwagharimu sana wenyeji baadaye.

Chevron na kurudi kwa vita

Vita vya kwanza vya kusini na kaskazini vilikwisha kwa Mapatano ya Addis Ababa ya 1972, yaliyoipa Sudan Kusini serikali yake ya ndani. Miaka michache baadaye serikali ya Rais Jaafar Nimeiri iliipa kampuni ya Marekani ya Chevron haki ya kutafuta mafuta katika bonde la Muglad. Mwaka 1978 mafuta yalipatikana karibu na mji wa Bentiu. Yakafuata mafuta ya eneo lililoitwa Unity mwaka 1980, na ya Heglig mwaka 1982.

Mara tu mafuta yalipojulikana, Khartoum ilijaribu kuchora upya mipaka ili eneo hilo liwe la kaskazini. Jaribio hilo lilipingwa, lakini uamuzi wa kupeleka mafuta kaskazini haukubadilika. Watu wa kusini walitaka kiwanda cha kusafisha mafuta kijengwe Bentiu. Serikali ikachagua Kosti, na baadaye ikaamua mafuta ghafi yapelekwe moja kwa moja Port Sudan. Mwaka 1983 Nimeiri aliigawa kusini katika mikoa mitatu, akaifuta serikali yake na kutangaza sheria za Kiislamu nchi nzima. Jeshi la waasi la SPLA likaundwa chini ya John Garang, na vita vikarudi. Februari 1984 wapiganaji walishambulia kambi ya Chevron huko Rubkona na kuua wafanyakazi watatu wa kigeni. Kampuni ilisimamisha kazi, na mwaka 1992 ikaachana kabisa na eneo hilo.

Bomba la 1999

Kampuni ndogo ya Kanada, Arakis, ilichukua sehemu ya eneo la Chevron. Ilipoishiwa mtaji iliunda ubia mpya ulioitwa Greater Nile Petroleum Operating Company. Shirika la mafuta la China, CNPC, lilishika asilimia 40, Petronas ya Malaysia 30, Arakis 25, na shirika la serikali ya Sudan 5. Mwaka 1998 kampuni nyingine ya Kanada, Talisman, ilinunua Arakis. Bomba la zaidi ya kilomita 1,500 kutoka visimani hadi Bahari ya Shamu lilikamilika mwaka uliofuata, na mwisho wa Agosti 1999 meli ya kwanza ikaondoka na mafuta ya Sudan.

Ili bomba lifanye kazi, ardhi iliyolizunguka iliondolewa watu. Ndege za Antonov zilidondosha mabomu, helikopta zilirusha risasi, na wanamgambo waliopewa silaha na serikali walichoma vijiji na kupora ng'ombe. Makumi ya maelfu ya Wanuer na Wadinka walikimbia. Ujumbe uliotumwa na serikali ya Kanada ukiongozwa na John Harker uliripoti mwanzoni mwa 2000 kwamba uchimbaji wa mafuta ulikuwa ukiongeza mateso ya raia. Human Rights Watch nayo ilitoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 2003. Mwaka huohuo Talisman iliuza hisa zake kwa kampuni ya India, ONGC Videsh, na kuondoka.

Kusini zaidi, katika eneo la Block 5A, kampuni ya Sweden iliyoitwa Lundin ilianza kazi mwaka 1997 na kupata mafuta huko Thar Jath. Iliuza hisa zake za eneo hilo mwaka 2003, lakini shauri halikuishia hapo. Septemba 2023 wakuu wawili wa zamani wa kampuni hiyo walifikishwa mbele ya mahakama ya Stockholm wakishtakiwa kwa kusaidia uhalifu wa kivita nchini Sudan kati ya 1999 na 2003. Wote wawili walikana mashtaka.

Mapatano ya amani ya Januari 2005 yaliwaruhusu watu kurudi. Walikuta barabara za mafuta zimejengwa kwa tuta refu juu ya mbuga tambarare, nyingi bila makaravati ya kutosha. Maji ya masika yaliyozoea kutambaa kuelekea kwenye toic yalizuiwa: upande mmoja yakafurika, upande wa pili nyasi zikakauka. Hilo lilikuwa badiliko la kwanza ambalo mfugaji aliweza kuliona kwa macho. La pili lilikuwa chini ya ardhi.

Maji yanayopanda na mafuta

Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Hupanda na maji ya kale yaliyokaa kwenye miamba kwa mamilioni ya miaka, na kadiri kisima kinavyozeeka, ndivyo maji yanavyozidi mafuta kwa wingi. Maji hayo hufika juu yakiwa ya moto na yenye chumvi nyingi. Hubeba pia mabaki ya mafuta, metali nzito na dawa zinazotumiwa kutenganisha mafuta na maji au kuzuia kutu kwenye mabomba.

Mitambo ikishayatenga, kuna njia mbili kuu za kuyaondoa. Ya kwanza ni kuyarudisha kwa shinikizo kwenye mwamba yalikotoka mafuta, njia ghali inayohitaji pampu, umeme na uangalizi wa kila siku. Ya pili ni kuyamwaga kwenye mabwawa yakauke kwa jua. Huko Heglig wachimbaji walipanda matete kwenye mabwawa makubwa ili mimea isafishe maji. Katika maeneo mengine mabwawa yalichimbwa tu ardhini, mengine bila utando wa plastiki wa kuzuia kuvuja wala uzio. Tope la kuchorongea, lenye bariamu na kemikali nyingine, nalo liliachwa kwenye mashimo kando ya visima.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa tathmini ya mazingira ya Sudan baada ya vita, na likayataja maji haya kuwa tatizo kuu la mazingira la sekta ya mafuta. Katika ardhi inayopasuka kiangazi na kufurika masika, bwawa la wazi halina ukuta wa kuaminika. Nyufa huyapitisha maji kwenda chini, na mafuriko huyasomba kwenda pembeni. Kwa ng'ombe, bwawa hilo lina mvuto wake, kwa sababu wanyama hupenda chumvi. Hulitafuta, hunywa, na mwenye ng'ombe hana namna ya kulinda kila mnyama katika mbuga isiyo na uzio.

Visima vya Koch na Leer

Karibu na Thar Jath wako Wanuer wa Koch na Leer. Baada ya amani, mashirika ya misaada yalichimba visima vya pampu za mkono ili watu waache kunywa maji ya kinamasi, ambayo huleta kipindupindu na minyoo. Wanawake walianza kulalamika kwamba maji ya pampu yamekuwa ya chumvi na machungu, na kwamba watoto wanaoyanywa huharisha. Baadhi ya visima viliachwa. Mama aliyekuwa akichota hatua chache kutoka nyumbani akarudi kubeba ndoo kichwani hadi kwenye madimbwi yaleyale aliyoambiwa ayaache.

Shirika la Kijerumani la Hoffnungszeichen, linalojulikana pia kama Sign of Hope, lilianza kupima maji hayo mwaka 2008. Wataalamu wake wa maji ya ardhini walikuta visima vya karibu na eneo la mafuta vina chumvi na metali nzito kwa viwango vya kutia wasiwasi, na wakaona uhusiano kati ya hali hiyo na shughuli za uchimbaji. Baadaye watafiti walipima nywele za wakazi wa Koch, Leer, Nyal na Rumbek, miji iliyo katika umbali tofauti kutoka visima vya mafuta. Nywele huhifadhi metali zinazoingia mwilini, hivyo huonyesha kilicholiwa na kunywewa kwa miezi iliyopita. Madini ya risasi na bariamu yalikutwa, na watu wa Koch, walio karibu zaidi na visima, walikuwa na hali mbaya kuliko wale wa mbali.

Upande wa mashariki ya Nile, Wadinka wa Melut wanaishi jirani na visima vya Paloch, vilivyoanza kutoa mafuta mwaka 2006 na ambavyo baadaye vikawa tegemeo kubwa la nchi. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu maeneo ya mafuta. Uchunguzi huo ulieleza kuwapo kwa taarifa za kitaalamu zilizofikishwa kwa kampuni na serikali bila kutangazwa kwa wananchi, zikionyesha zebaki na metali nyingine kwenye maji. Wazazi na wahudumu wa afya walisimulia kuharibika kwa mimba na kuzaliwa kwa watoto wenye ulemavu mkubwa.

Kitabibu, ulemavu wa mtoto mmoja mmoja ni mgumu kuthibitishwa chanzo chake. Lishe duni, maradhi na vita vyote huchangia. Uthibitisho umekuwa mgumu zaidi kwa sababu maji hayakupimwa kwa utaratibu kabla ya kuchimba mafuta, wala hapakuwa na daftari la vizazi la kulinganisha miaka ya kabla na ya baada. Kampuni ziliingia wakati wa vita bila vipimo vya awali, kisha mwananchi akatakiwa kuthibitisha kwamba kisima chake kilikuwa kizuri hapo zamani. Huo ni mzigo aliotwishwa mtu asiye na maabara wala wakili.

Baada ya uhuru

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mafuta yakawa yanaiingizia serikali yake takriban asilimia 98 ya mapato. Sheria ya Petroli ya 2012 iliweka wajibu wa kulinda mazingira, na sheria ya mapato ya mafuta ya 2013 iliamuru asilimia 2 ya mapato iende kwa majimbo yanayozalisha na asilimia 3 kwa jamii zinazoishi huko. Katika karatasi, wenyeji walikuwa wamekumbukwa. Katika utekelezaji, fedha nyingi hazikuwafikia, na serikali inayoishi kwa mafuta haikuwa na haraka ya kumbana mchimbaji.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Desemba 2013 vilifunga visima vya Unity. Mitambo iliharibiwa, na mabomba yaliyosimama bila matunzo yakaanza kuoza. Uzalishaji ulipoanza tena mwaka 2018, miundombinu ilikuwa imechakaa. Mwaka uliofuata bomba lilivuja katika eneo la Rubkona na kuchafua mashamba na maji. Kisha mafuriko makubwa ya miaka ya 2020 na 2021 yalifunika sehemu kubwa ya Unity, vikiwemo visima vya mafuta na mabwawa ya taka, na hofu ikawa kwamba kila kilichokuwa ndani yake kimechanganyika na maji ambayo maelfu ya waliohama makwao walikuwa wakioga, wakivulia samaki na kunywa.

Mwaka 2020 shirika moja la kiraia lilifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, dhidi ya serikali ya Sudan Kusini na kampuni za mafuta, likidai fidia kwa uchafuzi huo. Malalamiko ya wakazi wa maeneo ya mafuta yakaletwa kuwa hoja ya kisheria ndani ya Jumuiya.

Ukubwa wa kazi ya kusafisha unaonekana kwa walichopitia Waogoni wa Nigeria. Shell iliacha kuchimba katika nchi yao mwaka 1993 kwa sababu ya upinzani, na mwandishi Ken Saro-Wiwa, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa na serikali ya kijeshi tarehe 10 Novemba 1995. Umoja wa Mataifa ulipopima ardhi ya Ogoni na kutoa taarifa mwaka 2011, visima vya kunywa vya Nisisioken Ogale vilikutwa na benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani. Taarifa ilikadiria kwamba kurudisha hali njema kungechukua miaka 25 hadi 30. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita bila mafuta kuchimbwa pale, na sumu bado ilikuwa ndani ya maji.

Kutoka Bentiu hadi Mbagala

Tanzania haichimbi mafuta, lakini mafuta yanapita ndani yake. Bomba la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa minane. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, kwa hiyo ni lazima bomba lipashwe joto njia nzima yasigande. Linapita katika nchi ya wafugaji wa Kibarbaig na Kitaturu na karibu na Waakie, wawindaji na warina asali, watu ambao, kama Wanuer, hutegemea maji ya wazi na ardhi ya pamoja.

Upande wa kusini wa Dar es Salaam una historia ndefu zaidi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni mwaka 1966, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 likaanza kupeleka mafuta Zambia. Kiwanda kilifungwa mwishoni mwa karne, lakini matangi yake yalibaki, na gati la mafuta la Kurasini linaendelea kupokea meli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima tope na chaza wa fukwe za Dar es Salaam na kukuta kemikali zitokanazo na mafuta na uchomaji. Kusini zaidi, gesi iligunduliwa Mkuranga mwaka 2007, na bomba la gesi kutoka Mtwara linapita wilayani humo likielekea Kinyerezi.

Chini ya eneo hilohilo kuna maji. Mto Kizinga umelisha mtambo wa maji wa Mtoni kwa miongo mingi. Visima virefu vya Kimbiji na Mpera vimechimbwa ili kuongeza maji ya jiji. Mbagala, Charambe na Chamazi, kaya nyingi zimeishi kwa maji ya visima yanayouzwa kwa dumu, na mara nyingi wanunuzi hulalamika kwamba maji ni ya chumvi. Baadhi ya chumvi hiyo hutokana na bahari kuingia kwenye maji ya ardhini. Bila rekodi ya vipimo ya miaka mingi, siku ambayo kisima kitaharibika kwa sababu nyingine hakuna atakayeweza kuitofautisha, na mkazi wa Mbagala atajikuta mahali alipo mkazi wa Koch leo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi, na inamtaka mchafuzi alipe. Historia ya Unity na Upper Nile inaonyesha kwamba maneno hayo hayana nguvu bila mambo matatu: maji ya kila kisima kilicho karibu na mradi yapimwe kabla ya kazi kuanza, vipimo virudiwe kila mwaka na mtu asiyelipwa na mchimbaji, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji au ya mtaa kwa lugha ambayo wanywaji wa maji hayo wanaisoma. Gharama ya kupima ni ndogo mno ikilinganishwa na miaka 25 hadi 30 ya kusafisha iliyokadiriwa Ogoni. Wenyeji wa kila eneo ambako bomba linapita wana haki ya kudai vipimo hivyo sasa.